Nongo za Miaka Mia Saba

Usijifanye hukuona. Juzi ulikuwa meza ya tatu kutoka dirishani, simu yako imechomekwa ukutani, yule mama alipopita kati ya meza amekumbatia bahasha, walinzi wawili nyuma yake. Uliinua macho, ukayarudisha kwenye kioo. Nilikuwa nyuma yake, nilikuona. Mimi sura sisahau.

Yule mama ni mwanahistoria. Miaka ishirini na miwili amechunguza jinsi watu wa ibada wa zamani walivyosoma nyota, na karibu yote hiyo ameimalizia kwenye kitabu kimoja cha maktaba hii: kurasa mia na nne za ngozi, umri miaka mia saba, nusu sala, nusu hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi. Wanafunzi walimpachika jina Profesa Nongo, maana hasomi maandishi tu, anapima uchafu. Kila pembe ya ukurasa anaiwekea kijitaa na kipimo, anaandika weusi wake. Palipo peusi, vidole vilipita sana. Mama yake mzazi aliwahi kumuuliza mbele yangu, "Mwanangu, ndiyo kusema nilikusomesha ukapime uchafu wa kucha za marehemu?" Profesa alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

Mimi nilikuwa fundi wa kujalidi na kutengeneza vitabu humo humo. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejifunza kwa kusoma nilichokuwa nakishona. Ndiyo maana nilielewa alichokipata. Kuna ukurasa mmoja unaowalaani wanaohoji mbingu. Mweupe pe. Hakuna aliyekuwa na habari nao. Kurasa za sala na za hesabu je? Pembe zake nyeusi tii kama tako la sufuria. Waliosali ndio waliopiga hesabu, kwa vidole vile vile. Wenzake wakasema anatunga hadithi. Mmoja tu, wa chuo cha mbali, akaandika kwamba wiki ijayo atakuja kupima mwenyewe.

Ndipo mkurugenzi wa maktaba akataka maonyesho. Kitabu kifunguliwe kwenye ukurasa wa laana, juu yake kibao: ENZI YA GIZA. Na kisafishwe chote.

"Wageni wanakuja, fundi. Siwezi kuwawekea kitu kama leso ya mwenye mafua."

Nikasafisha. Ndiyo, mimi. Mkono huu huu unaoandika. Niliogopa kazi yangu, nikachukua sifongo kavu, na kurasa kumi na moja nilikuwa nimeshazifuta mama alipoingia karakana.

Aliokota sifongo, ikamwachia weusi kiganjani.

"Fundi, hawa walikuwa mashahidi wangu."

"Dada, niliagizwa."

"Najua. Hata sifongo imeagizwa."

Nikakifunga kitabu.

Tukapanda wote wawili ofisini. Mkurugenzi alikuwa anakata kucha juu ya barua za watu.

"Mama, matokeo yako si yapo kwenye ripoti?"

"Wanasema ripoti nimeitunga. Mgeni anayekuja kupima akikuta kitabu kimefutwa, nitakuwa mwongo mpaka kaburini."

"Jamani, uchafu ni uchafu." Akapuliza vipande vya kucha kutoka mezani. "Ungesomea kitu kisafi."

Katibu wake akacheka. Nikamwambia mkurugenzi sifuti tena hata nukta, atafute mtu mwingine wa kumwoshea uongo. Kabla hatujafika ngazini kadi zetu za maktaba, zote mbili, zilikuwa zimefutwa. Ile bahasha uliyoiona ilikuwa na sifongo ndani yake. Na kesho saa mbili asubuhi kampuni ya usafi inaanza ukurasa wa kumi na mbili.

Mkurugenzi ananichefua, sawa. Lakini chumba kile! Watu arobaini mmekaa, hakuna hata aliyeuliza "kuna nini?" Dada wa mapokezi, aliyemhudumia miaka yote hiyo, aliinama akajifanya anatafuta kalamu. Kalamu ilikuwa sikioni mwake.

Sasa sikiliza. Kanuni ya maktaba nimeishi nayo miaka kumi na tisa: kitabu kilichoombwa na msomaji hakiingii karakana mpaka akirudishe, na waliopanga foleni nyuma yake hawarukwi. Msomaji mmoja, siku moja. Mkiwa saba, tunafika siku ya mgeni na kipimo chake. Mama hana kadi. Mimi sina. Wewe unayo, umeigeuza alama ya ukurasa.

Fomu za waridi ziko kushoto kwa mapokezi. Namba ya kitabu ni K 318. Andika jina lako, kaa nacho, pembe zake usiziguse. Huyo aliyekaa mbele yako mtingishe bega, naye ajaze ya kesho. Dirisha la fomu linafungwa saa kumi. Chomoa simu. Inuka.