Herufi za Asnath

Mwalimu Eustaki aliamua gazeti la shule litoke kwenye kompyuta, si kwa kalamu ya wino mzito juu ya manila kama miaka yote. Valeria, mhariri, akapewa wiki moja achague aina ya herufi. Akazijaribu zote. Hizi zimenona kama tangazo la mnada, zile zimejipamba kama kadi ya harusi, nyingine nyembamba mpaka ukodoe macho. Zote alizichukia, na sababu aliijua: hakuna hata moja iliyokuwa ya Asnath.

Asnath ndiye aliyekuwa akiandika vichwa vya habari tangu wakiwa kidato cha kwanza. Herufi zake zilikuwa pana, zimeinama kidogo. Mwezi wa tatu homa ilimshika bwenini, siku nne tu, akafia hospitali, akazikwa kwao Kirando. Valeria akabaki na kitanda kitupu juu yake, na daftari ambalo rafiki yake alifanyia mazoezi ya herufi kubwa.

Basi wazo likamjia, likampanda kichwani. Alichukua wembe, akakata herufi moja moja kutoka kwenye daftari lile, akazibandika kwa gundi kwenye karatasi nyeupe, akaipeleka mjini kwa Evans wa steshenari. Evans akaziingiza kwenye kompyuta, zikawa herufi za kuchapia. Haraka haraka haina baraka, lakini nani hukumbuka wahenga akiwa na furaha? Valeria hakugeuza hata ukurasa mmoja kuona upande wa pili.

Gazeti likatoka. Wanafunzi walilipokea, wengine wakagusa kichwa cha habari kwa kidole. Valeria alilia, na kilio kile kilikuwa kitamu.

Baada ya arobaini, mama yake Asnath akaja kuchukua tranka la mwanawe. Valeria alimwamkia, akampa gazeti. Mama akalisifu, kisha akauliza lilipo daftari. Akaeleza kuwa kwenye simu ya mwisho Asnath alimwambia kwamba amemwandikia barua humo, nyuma ya zile herufi zake, angempa likizo ikifika.

Valeria akaleta daftari lenye matundu, akampa. Asnath hakuwa mtu wa kuacha ukurasa mtupu. Hilo angelijua nani kama si yeye?

Mama aliupata ukurasa. Akausoma kwa sauti ndogo, akikwama kila penye tundu.

"Mama, usiwaze sana kuhusu... Nikirudi nita..." Akaweka kidole kwenye tundu. "Nita nini, mwanangu?"

"Sijui, mama. Nimekata mimi. Sikugeuza."

Akakimbia kuleta ile karatasi ya gundi. Mama alijaribu kubandua herufi moja kwa ukucha asome nyuma yake, ikachanika. Akaacha. Hakugomba, na heri angegomba. Aliikunja barua yenye matundu pamoja na karatasi ya herufi, akavifunga kwenye pindo la khanga.

"Maneno yangu yamo humu," alisema, "ila yametazama chini."

Jumatatu Valeria alikaa kwenye kompyuta kuandaa toleo la pili. Akaandika kichwa cha habari. Herufi zikatokea moja baada ya nyingine, pana, zimeinama kidogo. Alizitazama kwa muda mrefu. Kisha akazifuta, akachagua zile nene za tangazo la mnada.

Mwalimu Eustaki akamuuliza kwa nini.

"Zinasomeka," alisema.