Huu Mkono Haumo Humu

"Arobaini na sita. Arobaini na saba. Ruka moja. Arobaini na nane."

Sauti ilitoka nyuma ya pazia la bucha, nzito, ya taratibu. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri maini walitazamana. Mmoja akashindwa kuvumilia, akaliuliza pazia, kwa heshima zote, ni mbuzi gani huyo mwenye mbavu arobaini na nane.

Kisha pazia likafunguka na mwenye bucha akatokeza, pande la mtu, aproni imetapakaa damu, akauliza nani wa maini. Mbuzi hakutajwa tena. Mtu anayepasua paja la ng'ombe kwa pigo moja la mkono wa kushoto haulizwi jambo mara mbili, na mtaa mzima ulimwita Shoka.

Ambacho mtaa haukukijua kilikuwa juu ya friza nyuma ya pazia: donge la uzi mwekundu wa pamba, na kishikio cha sufuria cha kufumwa, kilichobakiza mistari minne kikamilike.

Yote yalianzia kwenye ngazi za uani. Mkewe aliteleza na ndoo ya maji, kifundo cha mkono wa kulia kikateguka, akafungwa bandeji hadi vidoleni. Maumivu aliyavumilia. Kilichomliza ni kikundi chake cha kufuma. Kilikuwa na viti kumi na viwili, na kila mwisho wa mwezi wanachama walibadilishana kazi zao. Asiyeleta kazi, kiti chake hupewa mwingine, na foleni ya wanaokitaka ilikuwa ndefu kuliko ya maini siku ya sikukuu. Kwa miaka sita mama huyu hakuwahi kukosa. Palikuwa mahali pekee duniani, alivyosema mwenyewe, ambapo kwa saa mbili nzima hakuna mtu anayemuuliza chumvi iko wapi.

Shoka hakuweza kumwona mkewe akilia. Akamwambia aache, yeye atafuma, yeye ataelekezwa tu. Mkewe akafuta machozi, akamwambia basi alete kulabu. Shoka akatoka mbio, akarudi na kulabu ya kutundikia paja la ng'ombe. Mama wa watu alicheka mpaka mkono ukamuuma upya.

Mafunzo hayakuwa mepesi. Mwalimu alikuwa wa kulia, mwanafunzi wa kushoto, kwa hiyo kila somo liligeuzwa chini juu. Kishikio cha kwanza kilitoka kama sikio la ng'ombe mgonjwa. Cha pili kilitoka kama sikio la ng'ombe mzima. Cha tatu ndicho hiki chekundu, na hapo jambo la ajabu likatokea: kulabu iliyomnasia ng'ombe miaka yote ikamnasa yeye. Akawa anakata nyama haraka haraka apate kurudi nyuma ya pazia. Akaanza kuota vitanzi. Siku moja alimkatalia mkewe uzi wa nailoni kwa ukali kabisa, akimweleza kwamba nailoni huyeyuka na kung'ang'ania sufuria, kana kwamba si yeye mkewe aliyemfundisha hayo juzi yake.

Lakini alimwapisha asimwambie mtu. Mlango wa pili kutoka bucha alikaa fundi pancha, na kipaji cha fundi pancha, zaidi ya kuziba matairi, kilikuwa kuwapa watu majina. Kuna mzee aliyewahi kuzimia akichomwa sindano. Miaka kumi na tano baadaye, kadi ya harusi ya bintiye ilitaja baba wa bibi harusi kuwa ni Bwana Sindano. Jina la fundi pancha likishakuganda, hata sabuni ya nguo hailitoi. Shoka alilipenda lake, na alitaka kuzikwa nalo.

Siku ya kubadilishana ikafika. Walikutana kwa mwenyekiti, mwalimu mstaafu ambaye bado aliwaita wanachama kwa kugonga meza kwa rula. Kwa kuwa mkewe hakuweza kubeba mfuko, Shoka alimsindikiza, akaketi barazani chini ya dirisha, akajifanya anasoma gazeti. Ndani alikuwapo dada yake mkubwa, wifi wa mkewe, mfumaji kuliko wote na mwenye ulimi mrefu kuliko uzi wake. Alikuwapo pia mke wa fundi pancha.

Kikundi kilikuwa na desturi yake. Kila kazi hufungwa kwenye gazeti na kutiwa ndani ya beseni, bila jina. Unachukua furushi moja, unafumba macho, unapapasa, halafu unautaja mkono ulioifuma. Ukishautaja ndipo unashukuru. Kwao hilo halikuwa uganga. Mwenye hasira huvuta uzi kwa nguvu, mvivu huuacha ukining'inia, na mama mwenye wajukuu wengi huruka kitanzi kila anapoitwa. Wifi hakuwahi kukosea hata mara moja.

Barazani, Shoka aliwasikia wakitajana mmoja baada ya mwingine, kwa vicheko na makofi. Likabaki furushi moja tu. Ikawa zamu ya wifi. Gazeti likachakarika likifunguliwa.

"Huu mkono haumo humu," dada yake akasema.

Mwenyekiti akamtaka apapase tena. Wifi akapapasa tena. Akasema kazi ni safi, imekazwa vizuri, ila vitanzi vyote vimelalia upande usio wao, kama watu waliogeukia ukutani. Katika viti kumi na viwili hakuna mfumaji wa namna hiyo. Na kana kwamba hiyo haitoshi, paka wa mwenyekiti akaruka juu ya meza, akakinusa kishikio, akaanza kukilamba kwa mapenzi makubwa. Mke wa fundi pancha akacheka kwikwi.

Kilichobaki kilikuwa hesabu ya mtoto wa chekechea. Mkono ambao haujatajwa ulikuwa wa mmoja tu, naye alikuwa na bandeji hadi vidoleni.

"Wifi yangu," dada akasema, na lile neno 'yangu' lilikuwa na pilipili, "kununua dukani ukaja kutudanganya? Ungesema tu mkono unauma."

Shoka alimsubiri mkewe ajibu. Mkewe hakujibu. Alikuwa ameapishwa, na alikuwa mwanamke wa kiapo. Mwenyekiti akagonga rula, akasema kwa huzuni kwamba sheria inajulikana, anayeleta kazi ya dukani anaacha kiti. Kiti cha mbao kikasikika kikisukumwa nyuma. Mkewe alikuwa anasimama.

Lile gazeti Shoka alilokuwa amelishika lilikuwa juu chini tangu mwanzo. Alilikunja. Aliuona uso wa fundi pancha, aliyaona majina matano mabaya yakija kwa foleni, akajiambia aliyekula ng'ombe mzima haogopi mkia. Akaingia.

"Hakununua," akasema. "Nimefuma mimi."

Paka akaacha kulamba. Kisha dada yake akamwambia asimtanie, amemlea, anajua hajawahi hata kufunga kamba za viatu sawasawa. Shoka hakubishana. Alitoa mfukoni kulabu ndogo na mabaki ya uzi mwekundu, akakaa kwenye kigoda kilicholia chini yake, akaanza. Mkono ule wa shoka ukawa unacheza kama wa mtu anayemchana mtoto nywele. Midomo yake ikahesabu. Wanawake kumi na mmoja wakainama kutazama, na vitanzi, kimoja baada ya kingine, vikageukia ukutani.

"Shoto," wifi akanong'ona. "Kumbe ni huyu shoto wetu."

Hata hivyo mwenyekiti alikuwa mwalimu. Akafungua daftari la katiba, akasoma: kila mwanachama ataleta kazi ya mkono wake. Kazi ni nzuri, akasema, lakini mkono si wake.

Shoka akaomba asome tena lile neno. Mkono, au mikono?

"Mkono," mwenyekiti akasoma.

"Basi mmoja unatosha. Na mimi ndiye mkono wake wa kushoto, Mwalimu. Wa kulia si huo umefungwa? Hata kazini kwangu paja la ng'ombe hupasuliwa kwa mkono mmoja."

Mtu akaangua kicheko, mwingine akafuata. Mwenyekiti hakucheka. Alikichukua kishikio mezani, akaenda jikoni, akaibeba birika iliyokuwa ikichemka kutoka motoni hadi sebuleni, akaiweka, akatazama kiganja chake mbele na nyuma. Hakuna lengelenge. Akamwambia mwanachama wake aketi, chai inapoa.

Mkewe akakirudia kiti chake. Alimtazama mumewe kama siku ile ya kulabu ya ng'ombe.

Mke wa fundi pancha alikuwa ameshachukua mkoba. Akaaga akisema ana haraka kidogo, kuna habari ya kumpelekea mzee wake kabla hajafunga karakana. Shoka alimwona akipita dirishani, karibu anakimbia. Akashangaa kwamba moyo wake haukukimbia naye.

Dada yake ndiye hakuwa amemaliza. Alikuwa anakigeuzageuza kile kishikio, akitafuta kosa, na kosa akalipata.

"Hiki nimekipokea, na mkono nimeutaja. Lakini sufuria yangu ina masikio mawili, na wewe umenipa kishikio kimoja. La pili nilishike na nini, na kanga?"

Shoka akasimama. Akakung'uta vinyuzi vyekundu gotini, na kwa mara ya kwanza siku ile akasema kwa sauti ile ile anayonadia nyama buchani:

"Cha pili utakipata, dada. Nitakufumia kesho, bucha ikiwa imejaa watu na pazia limefunguliwa, na fundi pancha namwekea kigoda mbele kabisa aone vizuri. Nakuahidi."