Glovu za Vidole Tisa

"Panga na mimi tumekua pamoja," Bi Sada alimwambia Mwishehe, akiegemea kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi. "Kaole nzima hakuna mwanamke anayelijua panga kama mimi. Wanaume ndiyo usiniulize, nitacheka." Kisha akauweka mkono wa kushoto juu ya kaunta na kuvikunjua vidole vyote vinne, na pale penye kidole kidogo palikuwa na nundu tu, laini kama kitovu. "Na lenyewe linanijua. Hiki lilikila mwaka niliomzaa Shamsia, napasua dafu huku namsema wifi yangu."

Mwishehe alikuwa mtu mzima, mwenye wake na madeni, lakini alipocheka alicheka kama anayefinywa. Duka lake liko Bagamoyo mjini, nyuma ya soko, na Bi Sada alikuwa amekuja kwa bodaboda asubuhi ile kwa shida moja.

"Nataka glovu."

"Za kazi gani, bibi yangu?"

"Za kufyekea uani. Kuna michongoma, kuna upupu, kuna mkunazi. Kuna kila kitu isipokuwa njia."

"Si umwite mtu akufyekee?"

"Nimeshamwita. Unadhani ni nani huyu amesimama hapa?"

Aliyepaswa kusimama pale alikuwa Maulidi, jirani yake. Shamsia, binti yake wa pekee, aliyeolewa Chalinze, alikuwa amepiga simu Jumapili na maneno yaliyopangwa vizuri, kama mtu aliyeyasoma kwanza mbele ya kioo. "Mama, nimekutumia hela ya Maulidi. Afyeke yeye. Wewe usiguse panga. Jumamosi nakuja. Nikilikuta lile pori, au nikikuta mchubuko hata mmoja mikononi mwako, unafunga nguo zako tunaondoka wote."

Hakuwa anatania. Bi Sada ana sukari. Mwaka jana mwiba mmoja, mdogo kuliko kijiti cha kuchokolea meno, ulimkaa mguuni, kidonda kikakataa kufunga kwa miezi mitatu. Kila asubuhi ilikuwa zahanati, kila asubuhi bendeji mpya, na Shamsia alilala chini mkekani pembeni ya kitanda chake, ameacha mume na biashara. Shamsia alikuwa na haki. Hilo ndilo lililomuudhi Bi Sada. Angekuwa hana haki, wangegombana vizuri yakaisha.

Bi Sada alishakaa Chalinze wiki mbili, akaona inatosha kwa umri wake wote uliobaki. Malori yananguruma mpaka alfajiri, vumbi linaingia hadi ndani ya sufuria lenye kifuniko, na majogoo wa kule huwika wakiitikia honi.

Kwa hiyo angemwita Maulidi yakaisha. Lakini Maulidi alikuwa Makurunge, amepata kibarua kwenye miwa, na hata angekuwepo, akishika panga hana macho. Mara ya mwisho alifyeka majani, akafyeka mlangilangi wa maua, akafyeka na kamba ya kuanikia nguo. Basi Jumatatu Shamsia alipopiga kuuliza, Bi Sada alisema, "Ameshakuja, mwanangu, yuko uani hapo, sikia," akaligonga panga kwenye jiwe mara tatu karibu na simu.

Mwishehe alitandaza alichokuwa nacho. Bi Sada akazipenda glovu za kitambaa, nyeupe, zenye vidoti vya buluu viganjani. Zilikuwa nyepesi, zinakaa mkononi kama za bibi harusi. Alizichagua kama mtu anavyochagua kanga, kwa macho. Akalipa, akaondoka nazo ameshazivaa, na njia nzima mpaka Kaole alikuwa anawapungia watu.

* * *

Ua wa Bi Sada uko nyuma ya nyumba, na katikati yake umesimama mkunazi alioupanda mama yake. Mkunazi si mti wa mtu mmoja. Akifa mtu, huja wanaume wawili watatu kuomba majani ya kuoshea maiti, na mwenye mti hasemi neno ila "Mwenyezi Mungu amrehemu, ingieni." Ndivyo alivyosema mama yake, ndivyo alivyosema yeye, miaka na miaka.

Lakini miezi ya kuuguza mguu, ua ulijifunga. Michongoma ya uzio iliinama ndani, upupu ukapanda juu yake, na mwezi uliopita, alipofariki Mzee Masoud, waliokuja kuomba majani walisimama kwenye mlango wa uani wakatazamana. "Usijali, Bi Sada," mmoja alimwambia kwa adabu, "tutakwenda kwa wengine." Wakaenda. Shamsia aliona pori lenye nyoka. Bi Sada aliona migongo ya wale watu.

Alianza Jumanne jua likiwa limeshachomoza, na hilo lilikuwa kosa la pili. La kwanza alikuwa amelivaa.

Mwiba wa mchongoma haukukiona kile kitambaa. Aliliwahi tawi kabla halijamchoma, akashukuru, akahamia kwenye upupu akijiambia huo angalau hauna mwiba. Upupu hauna mwiba, kweli. Una vinyweleo vya dhahabu kwenye maganda yake, vizuri kutazama, na kitambaa kinavipenda. Vikaingia kwenye glovu kama wageni wa harusini, vikakaa. Jasho likamtoka Bi Sada, akajifuta paji la uso kwa mgongo wa mkono.

Yaliyofuata hayasimuliwi mbele ya wageni. Alijipaka majivu mpaka akafanana na mhogo uliookwa, na kwa kuwa kujikuna ni kujichubua, na kujichubua ni Chalinze, aliikalia mikono yake. Alikaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, mikono chini ya makalio, akiimba qasida kwa meno yaliyobana, mpaka adhuhuri.

* * *

Jumatano Mwishehe alimwona anaingia, uso umevimba upande mmoja.

"Shikamoo, Bi Sada. Zile glovu vipi?"

"Marahaba. Nimezichoma moto, na moto wenyewe umewashwa." Akafungua pindo la kanga, pale wenzake wanapofunga hela. Ndani yake mlikuwa na mwiba wa mchongoma, mrefu, mkavu, mweusi nchani. "Leo hatuchagui kwa macho. Lete."

Mwishehe alileta za mpira, zile za kuoshea vyombo. Upupu usingeshika pale, Bi Sada alikubali. Akauweka mwiba, akausukuma kwa kidole gumba. Ukatokea upande wa pili bila hata kupiga hodi.

"Bi Sada! Unatoboa mali!"

"Mimi sijatoboa. Mwiba ndio umetoboa, na wewe ulikuwa unaniuzia. Lete nyingine."

Zikaja za ngozi nene, za fundi wa kuchomelea, ndefu mpaka kwenye kiwiko. Mwiba ulisukumwa, ukapinda, ukakataa. Bi Sada akatabasamu kwa upande usiovimba. Halafu akazivaa, akajaribu kuokota msumari wa inchi mbili juu ya kaunta. Hakuweza. Vidole vilikuwa vinaogelea humo ndani kama mbaazi kwenye gunia.

"Panga likinichomoka kwa sababu sikulishika," alisema, "hilo nalo ni mchubuko."

Mwishehe akapanda ngazi mpaka rafu ya juu kabisa, akashuka na jozi moja iliyojaa vumbi. Ngozi yake ilikuwa nyembamba zaidi, laini, ya mbuzi labda, lakini nayo ndefu mpaka kwenye kiwiko. Zilikwama pale kwa sababu mafundi walizikuta ndogo. Mwiba ukakataa. Msumari ukaokoteka. Bi Sada akafumba mkono, akafumbua, akafumba tena, na kidole kidogo cha glovu ya kushoto kikabaki kimelala juu ya kaunta, kitupu.

Wote wawili wakakitazama.

"Nipunguzie bei," Bi Sada akasema. "Nimekuja na vidole tisa."

Usiku ule, kabla ya kulala, alikigeuza kile kidole kitupu ndani, akakishona kwa uzi mwekundu, ile mishono ya msalaba aliyomfundisha Shamsia akiwa darasa la nne. Kidole kinachoning'inia hunasa kwenye mwiba, na mwiba ukinasa unavuta mkono mzima.

Alhamisi aliswali alfajiri, akatoka umande ukiwa bado mzito. Umande hulaza upupu; na palipokosa umande alimwagia maji kwa kata. Kijiti chenye panda kiliinamisha tawi, mkono wa kushoto ukalishika kwenye kitako, si nchani, panga likaingia kwa chini. Moja. Akapumzika. La pili. Hakuwa na haraka, na kwa kuwa hakuwa na haraka panga halikumwudhi. Matawi aliyaburuta kwa glovu zake, akayarundika kwenye kona. Mzizi wa mlangilangi ulikuwa umechipua tena chini ya vurugu zote zile, akauzungushia mawe.

Ijumaa jioni ilikuwepo njia. Haikuwa pana, mtu mmoja na kikapu chake, kutoka mlango wa uani mpaka chini ya mkunazi. Bi Sada alivua glovu, akaitazama mikono yake kwenye mwanga, kiganja na mgongo, kila kucha. Hakuna kitu. Akazipangusa glovu kwa kitambaa kibichi, akazianika kwenye kamba, akajiambia kesho asubuhi atazificha chini ya kapu la nazi. Shamsia hafiki kabla ya saa sita.

* * *

Shamsia alifika saa mbili, kwa lori la mbao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mapema hivi umekuja na nani, na majini?"

"Lete mikono."

Bi Sada akaileta. Shamsia aliigeuza na kuigeuza kama anayenunua samaki, akapitisha kidole gumba kwenye kila kiungo, akafika kwenye ile nundu ya kushoto, akaishika kwa muda zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha akaiachia, akaenda kusimama kwenye mlango wa uani. Akaifuata ile njia kwa macho mpaka kwenye mkunazi.

"Maulidi amefanya kazi nzuri."

"Maulidi? Wee! Yule mtu akiamua."

"Mpaka mlangilangi ameuwekea mawe."

"Siku hizi amekuwa na huruma."

Shamsia alishuka uani. Alipita kwenye kamba ya nguo, akasimama, akashika glovu ya kushoto, akaiminya kidogo pale pembeni. Bi Sada alikuwa anamimina chai, na chai ikamwagika kwenye kisahani.

"Na hizi?"

"Za Maulidi hizo. Amezisahau."

"Ahaa," Shamsia alisema, akazitoa kwenye kamba, akarudi nazo kuketi kwenye baraza ya uani, akaziweka mapajani kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake. Akanywa chai. Akauliza habari za sukari, za dawa, za shangazi yake. Bi Sada alijibu yote, hata ambayo hakuulizwa.

Ndipo ikapigwa hodi uani.

"Hodi, Bi Sada. Assalamu alaykum."

Alikuwa Maulidi mwenyewe, kofia kichwani, kikapu mkononi, miguu imejaa vumbi la barabarani.

"Babu Issa ametutoka alfajiri," alisema. "Wamenipigia simu Makurunge, ndiyo naingia hivi sasa. Tunaomba majani ya mkunazi."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," Bi Sada alisema, na sauti yake ikakaa sawa kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Mwenyezi Mungu amrehemu. Ingia, baba. Ingia, njia ipo."

Maulidi akaitazama njia, akamtazama Bi Sada, akaitazama tena njia. "Mashallah. Nani kakusafishia? Mimi nina wiki ya tatu sijatia mguu Kaole."

Bi Sada akapuliza chai iliyokwisha kupoa.

Shamsia aliinuka taratibu, akateremka ngazi za baraza, akamnyooshea glovu kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Kaka Maulidi, vaa glovu zako. Mti una miiba."

"Zangu?" Maulidi aliweka kikapu chini. Akavaa ya kulia. Ikambana lakini ikaingia. Akavaa ya kushoto, akasukuma, akasita, akasukuma tena. Kidole chake kidogo kilisimama nje, kimenyooka juu, hakina pa kwenda. "Hapa pameshonwa, dada," alisema, akiuinua mkono kwenye jua ili wote waone ule uzi mwekundu. "Hizi za nani?"

Upepo mdogo ulipita, na majani ya mkunazi yakageuka upande wao mweupe. Shamsia hakumtazama Maulidi. Alikuwa amegeukia barazani. Pale mama yake alikuwa amekaa wima, kikombe mkono wa kulia, na ule wa kushoto, polepole, kama mnyama mdogo anayejua njia, ulikuwa unaingia chini ya kanga.