Gasketi ya Pikapu ya Shangazi

Itangazwe kwa wote wenye masikio, na walioyaziba waelezwe na jirani: Jumamosi ile, nyuma ya nyumba ya Shangazi, pikapu inayochemka ilipata daktari bingwa. Daktari mwenyewe alikuwa mpwa wake wa kidato cha tatu aliyekuja likizo, amevaa kandambili zisizofanana, na elimu yake yote ya injini ilitoka katika nusu ya sura moja ya kitabu cha fizikia. Nusu ya pili aliisinzia.

Walimwita Mhandisi. Jina hilo alipewa shuleni siku alipoifungua redio ya bweni ili aitengeneze, na tangu siku hiyo bweni likaishi kwa amani, bila redio.

Pikapu ilikuwa mkono wa kulia wa Shangazi. Alikodisha viti vya sherehe, na kesho yake asubuhi alitakiwa kupeleka viti kwenye mahafali ya chekechea. Lakini tangu juzi, ikitembea kidogo tu, mshale wa joto ulipanda mpaka kwenye nyekundu, na mvuke ukafuka chini ya boneti kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

"Nimeshaahidi," alisema Shangazi. "Nikishindwa kesho, yule mwalimu mkuu atanitangaza mji mzima. Semeni: inapona au haiponi?"

Aliyeitwa kujibu alikuwa Fundi, mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja: hakuwahi kukuta injini imefungwa akaiacha imefungwa. Ila kabla hajavua hata koti, Mhandisi alishamtangulia.

"Naomba watu wasogee nyuma," alisema. Watu wenyewe walikuwa wawili na paka.

Akafungua kifuniko cha oili, akachungulia, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mnaona utando huu mweupe? Maji yameingia kwenye oili. Gasketi ya kichwa cha injini imeungua."

"Ndiyo mdudu gani huyo?"

"Ni kipande chembamba, Shangazi, kinakaa kati ya bloku na kichwa cha injini. Kikiungua, maji, oili na moto vinaanza kutembeleana bila hodi."

Shangazi akaketi juu ya ndoo.

Fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. "Mbona oili ya chini ni safi? Utando wa kwenye kifuniko huja hata kwa unyevu, gari likizoea safari fupi fupi."

"Ugonjwa ndiyo unaanza," alijibu Mhandisi.

Kwa kuwa injini ilikuwa imepoa, walifungua rejeta, kipozeo cha maji ya injini, wakajaza maji, wakawasha, wakainama kutafuta mapovu ya gesi inayovuja.

"Lile pale!"

"Moja?" aliuliza Fundi.

"Mwizi huja na kijiji kizima?"

Fundi akaenda kuweka kiganja kwenye bomba la moshi. Hakukuwa na mvuke mweupe wa kutisha wala harufu ya ajabu. Alikuna kidevu. Dalili zote zilimwambia aache, lakini kijana alikuwa anasoma shule ya bweni, tena alisema kwa uhakika, na spana nayo ilishaanza kumwasha mkononi. Akazima injini.

"Basi tufungue. Kichwa nikipeleke kikachongwe. Jumatano gari liko barabarani."

"Jumatano? Mahafali ni kesho!"

"Shangazi," alisema Mhandisi kwa sauti ya mhubiri, "heri watoto wasimame kuliko injini ife."

Shangazi aliinuka taratibu, akaingia ndani kutafuta simu ili amwombe radhi mwalimu mkuu.

Mhandisi hakuridhika na ushindi mdogo. Akalala chali mbele ya pikapu ili amwonyeshe Fundi mahali pa kumwagia maji ya rejeta. Hapo, kati ya wavu wa mbele na rejeta, akaona ncha ya kitambaa cha rangi ya machungwa.

Alikitambua papo hapo.

Shangazi alikuwa shabiki wa timu ya bluu, shabiki wa kuzikwa na jezi. Jumatano iliyopita, Shangazi alipokuwa anaoga, Mhandisi alifunga bango la kitambaa la timu pinzani nyuma ya wavu wa pikapu, ili mama mtu mzima azunguke mjini akiwatangazia maadui zake ubingwa. Kesho yake bango halikuonekana. Akadhani limedondoka njiani, akaisikitikia kazi yake nzuri, akaisahau. Kumbe feni ililivuta likaigandia rejeta, vumbi likalifunika, hewa ikakosa pa kupita. Gasketi haikuwa imeungua. Pikapu ilikuwa imevalishwa sweta.

Angeweza kunyamaza, injini nzima ipasuliwe na heshima yake ibaki. Angeweza kusema. Kwa kuwa alikuwa mwoga mwenye kipaji, alichagua njia ya tatu.

"Fundi, hebu katazame moshi tena kule nyuma."

"Moshi upi? Si tumezima?"

"Ndiyo maana nataka uutazame vizuri."

Fundi, Mungu ambariki, akaenda.

Mhandisi akapenyeza mkono, akashika ncha, akavuta. Kitambaa kikaja kidogo, kikakwama. Akakaza meno, akavuta kwa nguvu zote za bweni. Kraaa! Neno MABINGWA likamwangukia usoni pamoja na vumbi la siku tatu. Alipolitoa machoni, Shangazi alikuwa amesimama juu yake, simu sikioni.

"Mwalimu, subiri kidogo," alisema Shangazi. "Fundi! Njoo uone gasketi."

Fundi aliitazama rejeta iliyofunuliwa, akawasha injini. Wote wakaukodolea macho mshale. Ukapanda, ukafika katikati, ukatulia hapo, na dakika zikapita bila mvuke.

"Haloo, Mwalimu? Viti vitafika. Ndiyo, vyote. Na wa kuvipakia nimempata, amelala hapa chini."

Akakata simu, akachuchumaa.

"Haya, Mhandisi. Nakusikiliza."

Mhandisi alifikiria kusingizia upepo. Alimfikiria hata paka.

"Nilikifunga mimi, Shangazi. Nilitaka mji mzima ukucheke."

"Na hiyo gasketi uliyoniliza nayo?"

"Gasketi... Gasketi sijawahi kuiona, Shangazi. Hata kwa picha. Ukurasa wenye picha niliuchana nikatengenezea ndege."