Kiti cha Apolinari

Elieth alifika Makutupora jua likielekea kuzama, kapu lake limejaa chupa. Nyumbani kwake Area D alikuwa akichemsha majani ya mchaichai na mkaratusi, akakinga mafuta yanayotoka na mvuke, kisha akayachanganya na ya alizeti. Ukijipaka hayo ukakaa nje, mbu hakusogelei. Safari hii aliitwa na mama yake mkubwa, Antonia. Jumuiya ilikuwa inakuja kusali kwake, kumkumbuka mumewe Apolinari, aliyefariki mwaka uliotangulia.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Wapake wote, asisahaulike mtu. Zabibu zimeiva na mvua imenyesha. Wadudu wa leo hawana huruma."

Watu walikuwa wamekaa uani, kandokando ya mizabibu, wakijipiga mashavu na kukung'uta kanga. Elieth akawapitia mmoja mmoja, akiwamiminia mafuta viganjani. Leonard, mwenyekiti wa jumuiya, alijipaka hadi kwenye upara, watu wakacheka.

Rozari ikaanza. Hapo ndipo Elieth alipogundua kwamba hasikii mdudu hata mmoja. Mbu kuondoka, sawa. Lakini na nyenje walikuwa wamenyamaza, na nzi waliokuwa wakizunguka matenga ya zabibu hawakuwapo. Hajapata kuona mafuta yake yakifanya kazi namna ile. Sauti za watu zilienda na kurudi kana kwamba wako ndani ya nyumba tupu.

Akageuka kutazama wadudu wameenda wapi.

Mwanzo wa shamba palikuwa na kiti cha plastiki ambacho hakuna aliyekikalia. Walikuwa pale. Mbu, nondo, nyenje, kumbikumbi, wote wametulia juu ya kiti kile, wamepandana. Kwanza aliona lundo tu. Halafu akaona magoti. Akaona mabega, moja limeshuka kuliko jingine, na kichwa kilichoinama.

Sala ikafifia mdomo mmoja baada ya mwingine. Leonard alinyanyuka nusu, rozari mkononi, akashindwa kukimbia wala kukaa.

"Ni yeye," Antonia alisema. Sauti yake haikutetemeka. "Lile bega alivunjika akiwa kijana."

"Mama mkubwa, tuingie ndani, tafadhali."

"Unajua tulimkutaje? Alianguka humu shambani, mimi nikiwa msibani Kondoa. Akalala nje usiku kucha. Asubuhi niliporudi, uso wake haukuonekana kwa wingi wa wadudu. Mwaka mzima nikifumba macho naona hicho tu." Akamshika Elieth mkono. "Nilikwambia uwapake wote. Mpake na yeye."

Elieth alitaka kukataa. Lakini Antonia alikuwa ameshaanza kutembea, na asingeweza kumwacha aende peke yake. Akamimina mafuta kiganjani mpaka yakamwagikia vidoleni. Alipokaribia, alisikia wadudu wakitoa mlio mmoja mwembamba, unaopanda na kushuka kama pumzi.

Akanyoosha mkono begani. Wadudu wakapisha, na kiganja chake kikagusa kitu ambacho macho hayakukiona: kitambaa cha shati, chini yake mfupa, na baridi ya udongo wa alfajiri. Akapaka. Bega, shingo, kisha uso, taratibu, na kila mkono ulipopita wadudu waliruka, hewa ikabaki tupu. Antonia alikuwa kando yake, akimpaka mumewe mikono.

"Pole, baba Violeth," alikuwa akisema. "Pole mume wangu. Nilichelewa."

Walipomaliza, kilibaki kiti kitupu. Nyenje wakaanza kulia tena mizabibuni. Elieth akatazama kiganja chake: kikavu kabisa. Wala kwenye kiti hapakuwa na alama ya mafuta.

Leonard, kwa kutojua la kufanya, akaiendeleza rozari pale ilipokatikia, na watu wakaitikia.

Usiku huo Antonia alilala bila kushtuka, na tangu hapo hakulalamika tena kuhusu ndoto. Aliyekesha ni Elieth, kwenye kitanda cha pili. Kuna jambo ambalo hakumweleza mtu. Alipokuwa akiupaka ule uso, midomo ilikuwa ikicheza chini ya vidole vyake, ikiendelea na sala ambayo wao wote walikuwa wameiacha.