Waliobaki Kwenye Maegesho

Walimwita Bwana Vigingi, na jina hakulichukia. Kila alipoona upenyo wa kupitisha gurudumu, alipigilia kigingi na kufunga kamba. Bonde lile lenye chemchemi na matete yeye na dada yake mkubwa walilirithi kwa baba yao. Badala ya kuliuza wakalitoa liwe la watu wote, kwa sharti moja: magari yaishie kwenye maegesho ya barabarani, na kutoka hapo kila mtu achape lapa. Sharti hilo aliliandika dada mtu, mwalimu mstaafu. Kulisimamia ilikuwa kazi ya Vigingi, na alilisimamia mpaka watu wakakoma.

"Mzee, tusogee kidogo tu na gari?"

"Miguu mmepewa ya kuvalia viatu?"

Tusimwonee lakini. Mwaka ule wa kwanza, kabla ya vigingi, magari yalipanda mpaka ukingoni mwa maji. Mvua iliponyesha pakabaki tope tupu, na chemchemi ikatoa maji ya rangi ya chai miezi mitatu. Vigingi alilia, mtu mzima na ndevu zake.

Sasa kamati ya bonde ilitaka maegesho mapya kando ya matete, eti wengi wanashindwa kufika. Vigingi akaja mkutanoni na daftari lake, ambamo kila aliyepita geti dogo la miguu alichorewa mstari.

"Mwaka juzi hawa, mwaka jana hawa, mwaka huu ndio hao wamefurika," akasema, akifunua kurasa. "Anayetaka kuja, anakuja. Sheria ni msumeno, jamani."

Wajumbe wakatazamana, wakaahirisha mpaka Jumatatu. Vigingi akatoka kifua mbele. Mlangoni akamkuta mpwa wake, binti wa dada yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeona nilivyowanyoosha?"

"Nimeona. Na mama umemchora kwenye daftari?"

"Mama yako? Si tangu nyonga imharibikie hatoki nyumbani?"

"Anatoka. Kila Jumamosi namleta, miezi mitano sasa. Tunaegesha pale barabarani, anashusha kioo, anakaa saa nzima anasikiliza ndege. Halafu ananiambia, haya, twende. Getini hatufiki."

"Mbona hajaniambia?"

"Anasema sharti ni lake. Ukimpitisha yeye, kesho utamkatalia nani?"

Miaka kumi na moja Vigingi alikuwa akihesabu waliopita getini, akijisifu kwa hesabu hiyo, na waliobaki kwenye magari hakuwahi kuwafikiria. Hata hivyo ubishi haumtoki mtu kwa siku moja.

"Nikifungua kwa mmoja watapita wote. Chemchemi itakufa, mwanangu."

"Sijasema ufungue kwa wote, mjomba. Nauliza tu, pikapu yako unaiegesha wapi?"

Pikapu yake ilikuwa ikishinda kando ya kibanda cha zana, hatua thelathini kutoka majini, juu ya kokoto alizozimwaga baba yao zamani. Kila asubuhi alifungua geti kubwa kwa ufunguo wake, akapita, akafunga nyuma yake, asione ajabu yoyote. Nyani haoni kundule. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Jumatatu alisimama mbele ya kamati bila daftari. Maegesho mapya aliyakataa vilevile, hata unyasi mmoja hakuuachia. Ila kokoto za kibandani zingetosha magari mawili, akasema, na kuanzia sasa ni ya wale waliogomewa na miguu. Ufunguo wa geti kubwa utakaa kwa mlinzi wa maegesho ya barabarani, na atakayeuomba asihojiwe.

"Na pikapu yako?" akauliza mwenyekiti.

"Itakaa barabarani na wenzake."

Jumamosi Vigingi alipanda kwa miguu, jembe begani, hatua mia tisa, akapumzika mara mbili. Alipofika alikuta gari la mpwa wake limesimama kwenye kokoto. Dada yake alikuwa kwenye benchi, mkongojo magotini, macho majini.

"Umechelewa kazini," dada akasema bila kugeuka.

"Nimetembea."

"Nakusikia unavyohema."

Alikuwa ameandaa maneno mazuri tangu Jumatatu. Yote yakapotea.

"Dada, miezi yote hiyo wewe ulikuwa kule barabarani na mimi niko hapa."

"Nilijua uko hapa. Upepo ukikaa vizuri nilikusikia ukipiga mluzi, kama ulivyokuwa ukipiga utotoni. Nikawa najiambia, basi, angalau mmoja wetu yuko majini."

Vigingi akaliweka jembe chini. Akakaa palepale kwenye majani aliyowakataza watu wote wasiyakanyage, akalia, na dada yake akamwacha alie.