Nyumba ya Kupanga katika Mji wa Kupita

Ndege ya kwanza iliwashusha asubuhi na ya pili ilikuwa iondoke jioni. Fundi cherehani alikuwa radhi kukaa kwenye kiti cha chuma, mkoba mapajani, mpaka waitwe. Kukaa kitako hakukuwa mateso kwake. Alikuwa amefanya kazi ameketi maisha yake yote. Lakini alisafiri na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mkunga mstaafu, mwanamke aliyezoea kuwaambia watu wasukume na watu wakasukuma.

"Tufike mpaka mlangoni kwa wenyewe, halafu tuwape kisogo?" wifi alisema. "Nyanyuka."

Ofisa wa uhamiaji akawagongea mihuri na kuwakumbusha wasichelewe. Basi likawashusha katikati ya mji ambamo hawakumjua hata mtu mmoja wa kumwamkia. Wakatembea. Walitazama benki. Walivuka barabara, wakatazama benki nyingine. Walisimama mbele ya duka lililouza vitasa vya milango tu, na wifi akakiri kwamba vilikuwa vitasa vizuri.

Hapo ndipo chai ya kwenye ndege ilipoanza kumdai wifi njia. Mwenye duka la vitasa alisema choo chake ni cha wafanyakazi. Mwenye duka la viatu alisema hana choo kabisa, na wifi akamwangalia kwa huruma. Maji yalikuwa yamemfika shingoni walipoona geti lililoachwa wazi na kibao kimening'inizwa juu yake: NYUMBA INAPANGISHWA. Chini ya kibao alisimama dalali, kijana mwembamba ndani ya koti lililomzidi mabega, akichezea funguo.

"Tumekuja kuiona nyumba," wifi alisema, bila hata kupunguza mwendo.

"Karibuni sana mama zangu. Tuanzie sebuleni?"

"Tuanzie chooni. Nyumba ni choo."

"Mama anazijua nyumba," dalali akamwambia fundi kwa heshima, huku mlango wa choo ukifungwa kwa ndani.

Wakabaki wawili ukumbini. Dalali akasikiliza maji, akasema kama mnavyosikia, maji yapo. Kisha akauliza, "Mtakaa wangapi?"

Fundi hakuwa mwongo, isipokuwa kwa wateja waliouliza nguo zao zitakuwa tayari lini. "Wawili," akajibu. "Mimi na wifi yangu."

Neno lilitoka laini mno. Alishangaa kulisikia.

Kwa maana safari yenyewe haikuwa ya hivyo. Walikuwa wanakwenda kwa mwanawe wa pekee, aliyekuwa ng'ambo miaka mingi, na mwana alikwisha sema kwenye simu: safari hii mama aje kukaa moja kwa moja. Cherehani aiuze. Chumba kipo, kina hata televisheni. Fundi hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Tutaonana," na mwana akapokea hiyo kuwa ndiyo. Cherehani hakuiuza, aliifunika shuka, akaaga.

Dalali akafungua chumba cha mbele. Kilikuwa kitupu, kimetoka kupigwa rangi, na dirisha pana lilitazama barabara. Mwanga uliingia kutoka kushoto, upande ule ule ambao mshonaji huuomba. Fundi akasimama pale ambapo cherehani ingekaa. Akapima kizingiti cha dirisha kwa shibiri. Akaona rafu ya vitambaa ukutani, ingawa ukutani hapakuwa na kitu. Akauliza soketi ziko wapi.

Wifi akatoka chooni na sura ya mtu aliyesamehe dunia. Akamkuta fundi amepiga magoti pembeni mwa ukuta.

"Tuliingia kujisaidia," akamnong'oneza.

"Najua."

"Sasa soketi ya nini?"

Dalali, akiona mambo yameiva, akataja kodi. Lilikuwa kosa, kwani bei ikitajwa mbele ya wifi hawezi kuiacha ilivyo. Alilalamikia jiko, akaidharau sakafu, akauliza nani kapaka rangi hii na kama bado yu huru. Dalali akashusha, akashusha tena, akaitikia, akatoa mkataba mfukoni na kalamu.

Wifi akaitazama kalamu. Kisha akamtazama fundi.

"Mwanangu," fundi akasema, "utusamehe. Sisi ni wapita njia. Tuna ndege jioni. Tulifuata choo."

Dalali akakunja mkataba polepole. "Hata waliotangulia leo walifuata choo," alisema. "Ila wao hawakupima dirisha."

Akawasindikiza hadi kituo cha basi.

Ndegeni wifi alifunga mkanda wa kiti, akatazama mbele. "Ulimwambia wawili."

"Ulisikia?"

"Mlango wa choo ulikuwa mwembamba. Na mwanao je, na televisheni yake?"

"Aitazame yeye."

"Umemwambia?"

Fundi akavuta mkanda wake wa kiti, akaukaza.

"Mficha uchi hazai," wifi akasema. "Mimi nimezalisha, najua." Akatazama mawingu yakifunika dirisha. Kisha: "Kwangu kuna chumba cha uani. Dirisha lake dogo."

"Dirisha hupanuliwa."

"Kimejaa magunia ya mkaa."

"Mkaa huhamishwa."

"Mimi nakoroma."

"Wifi, nimekaa na wewe ndege nzima ile ya kwanza."

Wifi akaguna, akamsogezea nusu ya mto wake.

Fundi alimwambia mwanawe siku ile ile ya kufika, kabla hajavua viatu, kwa kuogopa akivua ataghairi. Alisema atakaa mwezi, atamshonea mkwewe nguo, kisha atarudi kukaa na shangazi mtu. Mwana alinuna. Aliwasha televisheni ya chumbani ili mama aione ilivyo kubwa. Mama akasema ni kubwa kweli. Mwana alinuna tena siku ya pili. Siku ya tatu, wakinywa chai, akamuuliza shangazi yake kama amekwisha pata fundi wa kuvunja ule ukuta wa chumba cha uani, na lile dirisha wanataka la upana gani.